Bakuli Lililotazama Mlango

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Msimtafute mwingine, msimsingizie shetani, wala msiseme baridi ya Uswidi ndiyo iliyonigandisha ubongo. Njaa ilikuwa yangu, mkono ulikuwa wangu, na kijiko nilikishika mwenyewe.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana: mimi ni Norbert. Kule Uvira, kabla ya vita, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku Stockholm asubuhi nasafisha madirisha ya watu, jioni nafundisha Kiswahili pamoja na mke wangu Célestine. Wanafunzi wetu ni Wakorea wa kanisa moja dogo, wanaojiandaa kwenda Kigoma kufungua zahanati. Darasa letu ni sebule ya Mama Yun, na Mama Yun ndiye mwenye nyumba wetu. Yeye yuko chini. Sisi na binti yetu Gaëlle tuko ghorofani, mwendo mfupi kutoka kituo cha Norsborg, pale treni nyekundu inapochoka na kurudi ilikotoka.

Mama huyu alikuja Uswidi zamani, peke yake, bila mume wala ndugu, akaosha vyombo kwenye mkahawa mpaka akanunua nyumba. Wiki jana niliwasimulia jinsi nilivyomuuliza mbele ya darasa, kwa Kiswahili, ni kitu gani kilichomtoa Korea kikamleta kwenye barafu hii.

Akanijibu neno moja: "Karibu."

Darasa zima liliangua kicheko. Nami, mtu ambaye sijawahi kupita kwenye mlango wa mzaha bila kubisha hodi, nikamwambia, "Mama Yun, sasa unajikaribisha mwenyewe?"

Hakucheka. Aliinuka akaenda kubandika chai.

Basi, tuingie naye huko huko jikoni.

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba, siku chache baada ya somo hilo. Nilirudi kazini saa tisa alasiri na giza lilikuwa limeshaanza kuingia, maana huku mwezi huo jua huja kusaini tu na kuondoka. Nikavua viatu mlangoni, kama ilivyo sheria ya nyumba, nikaelekea jikoni kutafuta maji.

Mezani nikakuta chakula.

Bakuli la supu ya mwani, nyeusi nyeusi, inafuka moshi. Wali mweupe. Samaki wa kukaanga, mzima na kichwa chake. Kabichi yao ile ya pilipili. Kijiko na vijiti vimelala sambamba. Kiti kimoja kimevutwa nyuma, kimetazama mlango wa nje, na mlango wenyewe haukufungwa kwa ufunguo. Mtu hayupo.

Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilinusa mafuta ya ufuta, nikaketi.

Nilikunywa ile supu mpaka nikaona uso wangu kwenye kitako cha bakuli. Samaki nilimwacha mifupa. Wali nilichota punje ya mwisho kwa kidole.

Ndipo Mama Yun akaingia kutoka stoo, ameshika tunda moja la pea lililomenywa vizuri kwenye sahani ndogo. Amevaa gauni ambalo sijawahi kumwona nalo, na midomo ameitia rangi.

Aliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Akaangalia mlango.

"Umeshiba?" akaniuliza, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe.

"Nimeshiba, Mama Yun," nikasema, nikijipapasa tumbo. "Ila mkono wa chumvi ulikuwa mfupi."

Ndugu msomaji, kuna maneno ukiyatoa huwezi kuyameza tena hata ukiyapaka asali.

Alitikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. "Mtu amekula."

Akaliosha lile bakuli, akalifuta, akaliosha tena. Kisha akaketi kwenye kile kiti nilichotoka mimi, mikono mapajani, akautazama mlango. Nilipanda juu nikamwacha. Gaëlle aliporudi shule alimkuta vile vile. Célestine aliporudi sokoni alimkuta vile vile, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake, wakabaki humo wawili kwa muda mrefu.

"Mmezungumza nini?" nikamwuliza mke wangu alipopanda.

"Umekula chakula kisicho chako," akasema. Hakuongeza.

Mimi, badala ya kumbembeleza aongeze, nikampigia simu Papy.

Papy ni rafiki yangu tangu Uvira. Anaunga malori kiwandani Södertälje na kwa utani ananizidi kidogo. Nilimweleza kama kichekesho. Nilitegemea acheke.

"Kile kiti," akauliza, "kilikuwa kinaangalia wapi?"

"Mlango."

"Na mlango iko wazi?"

"Haukufungwa na ufunguo."

Nikamsikia akizima redio. Papy akizima redio ujue kuna jambo.

"Mon vieux, ulikula chakula ya wafu."

"Acha hizo, Papy."

"Mimi niko na jirani Mukorea hapa. Siku ya kukumbuka mutu wao, banatandika meza, mlango unaachwa wazi, marehemu anaingia anakula. Sasa marehemu ya Mama Yun alifika, akakuta Norbert amemaliza. Ata tonge moja hukumuachia?"

Alikuwa anatania. Leo najua alikuwa anatania. Lakini lile neno tonge lilinipata pabaya.

Kwetu baba hamalizi sahani. Baba anayejiheshimu hubakiza tonge pembeni, na mtoto anajua ni lake. Mtoto wetu wa kwanza, Akili, alikuwa hasubiri kuitwa. Alikuwa anakuja kusimama mlangoni nikianza tu kunawa mikono, ameshika tumbo kama mzee, anasema, "Baba, umenibakizia?" Hata sijala bado.

Mwaka wa tisini na sita tulikimbia Uvira kwa barabara ya Fizi, watu kama siafu, risasi nyuma. Akili alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimemshika mkono. Kisha sikuwa nimemshika.

Tulimtafuta mpaka sauti ya Célestine ikakatika. Mwisho nilimvuta mke wangu kwa nguvu, tukavuka ziwa. Gaëlle alizaliwa kambini. Tulipofika Uswidi nilianza kumwita mke wangu Mama Gaëlle, nikawazoesha watu wote wamwite hivyo, na lile jina jingine halikutajwa tena ndani ya nyumba yetu.

Ila mkono una kumbukumbu zake. Popote nilipokula, mkono wangu ulibakiza tonge. Ugali, viazi, hata mkate. Sikuuagiza.

Siku moja tu haukubakiza. Alhamisi ile.

Ijumaa nilijilaza baada ya kazi. Nikamwona Akili kwenye mlango wa jikoni kwa Mama Yun. Kimo chake kile kile, kaptura yake ya shule, miguu mitupu.

"Baba, umenibakizia?"

Niliamka. Chini nikasikia kijiko kinakwangua bakuli, krr, krr, taratibu, kama mtoto anayetafuta kilichobaki. Nikashuka. Jikoni hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa bado kimetazama mlango.

Jumatatu kazini kukawa kubaya zaidi. Kusafisha madirisha ni kazi ya kujitazama: unasugua, uso wako unatokea. Sasa kila kioo nilichokisugua, nyuma ya bega langu palikuwa na mtoto amesimama, anasubiri. Nikigeuka naona wazungu wanakwenda zao na makoti yao. Msimamizi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni mafua. Ningemwambia nini, kwamba nimekula supu ya mtu?

Nikapiga hesabu zangu. Chakula cha wafu kimefungua mlango, na aliyeingia ni wangu. Akili hajapumzika kwa sababu hatukumlilia kama watu. Hatukukaa matanga. Hatukusema, "Huyu amekwenda."

Nikaenda kwa mchungaji wetu wa huku, Mchungaji Cyriaque, tukapanga sala Jumamosi. Watu wachache, wimbo, dua, chai. Kumaliza matanga ya Akili. Nilikusudia kumwambia Célestine taratibu, siku ya kufaa. Kwanza nikamwambia Papy. Papy akamwambia mkewe Léontine, na ukishamwambia Léontine ni kama umetangaza redioni.

Mke wangu hakuniuliza kitu. Jumanne jioni alijifunga kitambaa kichwani, akachukua chaki yake, tukashuka darasani.

Sasa niwaeleze tunavyofundisha, maana hapo ndipo nilipojipalia makaa. Mimi na Célestine tunasimama mbele, tunaigiza mazungumzo, na darasa linafuata kila tunachosema, neno kwa neno. Sheria ni Kiswahili tu. Anayetoa Kikorea au Kiswidi anaimba wimbo peke yake.

Wakorea wana bidii inayotisha. Kitu kinachowashinda ni herufi mbili tatu. Z kwao inageuka j. Na efu hawana kabisa; kila efu inageuka pe. Mwezi uliopita Shemasi Kang, mkuu wao, mtu mzito, mwenye miwani, alisimama kuomba kwa Kiswahili, akasema kwa uchungu mkubwa, "Yesu alikupa msalabani."

"Alikupa nini, Shemasi?" nikamwuliza.

Tangu siku hiyo huo ukawa wimbo wangu. Mtu akisema alikupa badala ya alikufa, namdaka: "Alikupa nini?" Nao wanacheka, wanajaribu tena, wanashindwa tena.

Jioni ile somo lilikuwa familia.

"Una watoto wangapi?" nikamwuliza Célestine.

"Una watoto wangapi?" likaitika darasa.

"Nina watoto wawili," akasema Célestine.

"Nina watoto wawili."

Nilijikohoza. "Samahani. Mmoja. Tuna mtoto mmoja, anaitwa Gaëlle."

"Samahani. Mmoja. Tuna mtoto mmoja, anaitwa Gaëlle." Hata ile samahani hawakuiacha.

Célestine alikuwa ananitazama mimi, si darasa. "Wawili," akasema. "Wa kwanza anaitwa Akili."

"Wawili. Wa kwanja anaitwa Akili."

Miaka yote nililificha lile jina, na sasa lilitoka kwa pamoja vinywani mwa watu wazima tisa, waziwazi, kama wanaita mtoto aje kula.

"Mama Gaëlle," nikasema kwa sauti ya chini, "tusiwachanganye wanafunzi. Wa kwanza alikufa."

"Wa kwanja alikupa."

Kisha Shemasi Kang akainua mkono. Alifikiri ni zoezi letu lile lile. Akatabasamu, akafurahi kuwa safari hii yeye ndiye mdakaji.

"Mwalimu," akasema. "Alikupa nini?"

Mimi, Norbert, ninayejibu hata kengele ya mlango, nikainamia soksi zangu.

"Umesikia?" Célestine akasema. "Hata midomo yao inakataa kumuua."

"Célestine, si hapa."

"Ni wapi? Kwa Mchungaji Cyriaque, Jumamosi? Nimeyapata kwa Léontine. Mwanangu anazikwa, mimi napewa habari na Léontine kwenye foleni ya mkate."

Darasa lilikuwa limeacha kufuata. Mmoja alianza, "Kwenye poleni ya—" mwenzake akamgusa kiwiko.

"Simziki," nikasema. "Namwombea apumzike."

"Yeye kakwambia amechoka?"

"Ananijia. Ananisimamia kwenye vioo. Nimelala ananijia, ananiuliza kama nimembakizia."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Mtoto aliyekufa nimjibu nini?"

"Sikiliza, Baba Akili."

Hakuwa ameniita hivyo tangu ziwani. Nilihisi kama mtu amenivua kofia mbele za watu.

"Miaka yote hii mimi ndiye ninayeosha sahani zako," akasema. "Kila sahani ina tonge pembeni. Kila siku. Nalitupa, nakaa kimya. Gaëlle halitaki, ameshakwambia kwa Kiswidi chake kwamba ni uchafu. Wafu hawabakiziwi tonge. Basi niambie leo, unambakizia nani?"

"Ni mazoea."

"Mazoea ya nini?"

"Ya mkono."

"Basi mkono wako una imani kukuzidi. Na nikwambie kabisa, mbele ya hawa watu wa Mungu: ukisimama Jumamosi ukamtaja Akili kwenye orodha ya marehemu, Jumapili utanitafuta. Wenzetu hawa wanakwenda Kigoma. Kigoma kuna kambi, kambini kuna watu wa Uvira. Nitakwenda nao niwe mkalimani, nizunguke hema kwa hema niulize. Nikiwa mjane wa mtoto wangu, siwezi kuuliza. Nitaulizia vipi mtu niliyemzika?"

Hapo nikajua kinachopimwa mezani si sala. Jumamosi ile ingenipa usingizi, au ingeniondolea mke. Na mtu aliyebanwa hushika chochote kilicho karibu. Mimi nilimshika Mama Yun.

Alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, pembeni, ameinamia daftari lake, penseli mkononi.

"Mtazame Mama Yun," nikasema. "Yeye pia ana mtu wake aliyefariki. Lakini amekubali. Siku ikifika anamtandikia meza, anamwachia mlango, anamlilia kidogo, kesho maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo heshima. Wewe unataka kuzunguka makambi ukimtafuta mtoto kama mbuzi aliyepotea."

"Nani kakwambia meza ile ilikuwa ya wafu?"

"Papy."

"Papy anajua malori."

Mama Yun aliweka penseli chini. Lile jina lake alikuwa amelisikia, na zaidi ya hapo nadhani alikuwa amesikia yote. Sisi tuliomfundisha ndio tuliosahau kwamba amejifunza.

"Mwalimu," akasema. "Supu ya mwani ni ya siku ya kujaliwa."

Alitaka kusema kuzaliwa. Sikumsahihisha.

Mwingine angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa nimeshapanda mti, sikuona pa kushukia. "Pole sana, Mama Yun," nikasema. "Hata marehemu ana siku yake ya kuzaliwa." Kisha nikamgeukia Célestine, maana nilihisi nimepata upenyo.

"Akili leo angekuwa kijana wa miaka kumi na minane," nikasema. "Mtu mzima. Jina langu analijua. Jina lako analijua. Kanisa letu Uvira liko pale pale, na mtunza kanisa ni yule yule, anajua tuko wapi. Siku hizi simu ziko mpaka porini, wachunga ng'ombe wana simu. Unataka niamini nini? Kwamba yuko mahali, anakula, anakunywa, anajua ana mama, na hajawahi kumtafuta? Hakuna mtoto aliye hai anayemfanyia mama yake hivyo. Angekuwa hai, angepiga simu."

Chaki ikamvunjikia Célestine mkononi. Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi na vipande vyake vya chaki.

Nikajua nimeshinda. Nilikuwa natafuta jinsi ya kurudi kwenye somo, hata nilishafikiria mzaha mmoja wa kuwachangamsha, wakati Mama Yun aliposimama. Alivuka sebule yote polepole akaja kusimama nyuma ya mke wangu, akamwekea mikono miwili mabegani. Kisha akanitazama, akichagua maneno yake moja moja kama mtu anayepanga sahani.

"Mtoto wangu pia hapigi simu, Mwalimu," akasema. "Waswidi walimtoa Korea akiwa mdogo, wakamlea. Anakaa Vällingby, hapa hapa Stockholm. Ni karibu."